Nyumba ya Kijani ya Nyasura

Mthamini wa nyumba anayekuja Nyasura hana haraka. Hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha hutega sikio. Halafu huwauliza majirani ni nyumba zipi zimeuzwa karibuni, na kwa nini. Iliyouzwa kwa hofu ya mnada huikata kwenye orodha yake kwa kalamu nyekundu, maana bei yake si ya soko. Iliyouzwa kwa ndugu huikata pia, huku akinong'ona "pole" kana kwamba inaumia.

Safari hii nyumba ni ya Wegesa; thamani ikiwa ndogo, hapati mkopo wa mashine ya kukoboa mpunga. Akamwonyesha mthamini nyumba ya kijani ng'ambo ya barabara.

"Mzee, ile imeuzwa milioni sitini. Vyumba vitatu kama yangu, bati kama langu. Anza na hiyo."

"Ile hapana, mama. Aliyenunua alinunua kwa baba mkwe wake. Mkwe akitaja bei, unabishanaga naye?"

"Nani kakwambia?"

Kalamu ikasita hewani.

"Aliyenunua ni mimi, sijahamia tu," alisema, akaikata nyumba yake mwenyewe, mistari miwili.

Wegesa alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Pole, mzee wangu. Haya, tutafute za watu waliobishana."