Fomu Niliyomjazia Kaka Anaeli

Juzi asubuhi nilikuwa naanika nguo hapa nyumbani Sekei, simu ikaita, binti wa Kaka Anaeli akaniambia baba yake amefariki. Nguo nyingine bado ziko kwenye beseni na zimeanza kunuka. Akili imekataa kabisa, jamani.

Wengi wenu humu hamkumjua. Ngoja niwasimulie, na mkicheka msione vibaya, maana yeye mwenyewe angenishangaa nikiandika huzuni tupu.

Miaka ile zahanati za watu binafsi zilipoanza kuota kila kona, niliajiriwa kwenye moja pale Maji ya Chai. Nimetoka chuo cha uuguzi, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, cheti kwenye bahasha. Anaeli alikuwa mhudumu: kudeki, kuchemsha vifaa, kutandika vitanda. Aliishia darasa la saba. Aliniangalia mimi, akaiangalia bahasha, akasema, "Karibu, Sista Diploma."

Jina likanata. Kuna mama alijifungua salama akaniletea mkungu wa ndizi na kadi iliyoandikwa "Kwa Sista Diploma na ukoo wote wa Diploma." Alidhani ndilo jina letu huko Uchagani.

Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Yeye mgonjwa akifika anaanza na ng'ombe: kazaa? maziwa yanatosha? na mvua huko kwenu? Nilimwambia anatuchelewesha. Akaniambia sawa Sista, akahamia kwa ng'ombe wa mgonjwa aliyefuata.

Halafu kulikuwa na bibi mmoja wa presha. Kila akija namuuliza kama anameza dawa, ananijibu ndiyo mwanangu. Presha haishuki. Nikaongeza maelezo, nikapandisha sauti, na zile "ndiyo mwanangu" zikaongezeka.

Anaeli akakaa naye kwenye benchi, wakaongea Kimeru, wakacheka. Akaja kunieleza kwamba vile vidonge vinamtoa bibi kanisani katikati ya mahubiri kwenda chooni, mara tatu, na wazee wa kanisa wameshaanza kumtazama. Kwa hiyo kavifungia kabatini. Mimi alikuwa ananiitikia kwa heshima tu, hakutaka kumwaibisha msomi.

Daktari wetu akapanga kwamba Jumapili ameze baada ya ibada. Presha ikashuka.

Msidhani alijifanya daktari. Wagonjwa walimbembeleza awachome sindano, eti mkono wangu mzito, na kila mara alikataa. Aliwaambia hiyo ni kazi ya Sista, yeye akichoma atawaua kwa upole.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwenye zahanati alitaka kuipandisha iwe kituo cha afya. Mimi ndiye niliyekuwa inchaji, msimamizi wa wauguzi, akanipa fomu nijaze: kila anayegusa mgonjwa, ana sifa au hana sifa. Asiye na sifa atoke wodini. Ya Anaeli niliijaza kwa dakika moja. Hana sifa.

Sikudanganya, cheti hakuwa nacho. Lakini niliandika kwa raha fulani, leo nakiri, kwa sababu wagonjwa walimpenda kuliko mimi.

Na yeye ndiye aliyetumwa kupeleka faili ofisini. Akarudi anatabasamu.

"Sista, mwandiko wako mgumu. Nilisoma 'hana siafu', nikafurahi."

Nikacheka naye. Kuomba msamaha sikuomba.

Akahamishiwa getini kuwa mlinzi. Hazikupita wiki mbili, foleni nayo ikahamia getini. Watu wanamweleza Anaeli kila kitu, wakifika mezani kwangu wananiambia wameshamweleza mlinzi. Nikawa natoka na daftari langu mpaka getini kwenda kuuliza mgonjwa wangu anaumwa nini.

Siku moja akaacha geti wazi, akaingia mpaka chumba cha sindano amebeba mtoto wa mtu.

"Sista, huyu si wa foleni."

Mama wa mtoto alikuwa amekaa kimya mwisho wa benchi, mgeni, haya zimemjaa. Kifua cha mtoto kilikuwa kinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Hapo shule ilifanya kazi yake: oksijeni, sindano, gari la kwenda hospitali kubwa. Mtoto akapona.

Nimelifikiria hili miaka mingi. Bila cheti changu, yule mtoto angekufa mikononi mwa watu wema. Bila macho ya Anaeli, angekufa kwenye benchi huku mimi naita namba nne.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenye zahanati, nikamwambia kama Anaeli harudi ndani, na mimi natoka. Tukamtafutia cheo ambacho hakiulizwi cheti, mpokezi wa wagonjwa. Alikaa hapo mpaka akastaafu. Nikaona nimeshamlipa, basi, lile neno la samahani nikalimeza.

Kaka Anaeli, unazikwa Jumamosi, na mimi ndiye nimepewa kusoma wasifu wako usharikani. Jana jioni binti yako kaniletea karatasi, amekwama penye kipengele cha elimu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama tuparuke, maana watakuja madaktari, watakuja na wasomi wa chuo kikuu cha Makumira. Nikamwomba kalamu, nikapajaza mwenyewe.

Elimu: darasa la saba. Alifundisha manesi.

Nitaisoma kwa sauti, mbele yao wote. Nilikukosea, kaka yangu. Nisamehe, halafu ulale vizuri.