Enaji Mbili Kabla ya Rozari

Uvumilivu wangu uliisha Jumamosi asubuhi, pale mume wangu Deo alipojinyoosha kitandani, akapiga miayo, akaniambia, "Mama Osmundi, leo nimelala vibaya, sijui ni huu mto." Mimi nimesimama na Osmundi begani (anaota meno, usiku kucha hajaniachia), mgongo umekufa kwa kuchuma kahawa, na huyu bwana analalamikia mto. Nikamlaza mtoto kifuani kwake nikatoka zangu dukani, na aibu yote ilianzia hapo, maana mwenye akili angerudi na sukari ya uji, mimi nikanunua enaji, vile vinywaji vya kopo vya kufukuza usingizi.

Muuza duka alinionya kwamba hizo wanakunywa madereva wa malori ya makaa ya mawe wanaopita Kitai. Nikamwambia madereva wakifika wanalala, mimi sifiki. Nikanywa kopo la kwanza palepale, tumbo tupu, nikaona halifanyi kitu, nikashushia la pili.

Sasa, asubuhi hiyo jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali kwangu, na kwa desturi yetu rozari anaongoza mama mwenye nyumba. Tendo la kwanza nilikwenda vizuri. La pili mikono ikaanza kutetemeka, moyo unadunda kama mashine ya kukoboa, ulimi ukakosa breki. Watu hawajamaliza "Maria Mtakatifu" mimi niko kwenye Salamu nyingine, na Bibi Kolumba (yeye kila neno analitafuna) akabaki nyuma anaitikia peke yake. Nikamaliza matendo yote matano ya rozari na wala sikuishia hapo, nikatangaza kwa sauti: "Tendo la sita. Bikira Maria anapata usingizi."

Bibi Kolumba akauliza, kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, hilo la sita limetoka Roma lini?"

Walicheka mpaka mikeka ikasogea, na aliyewazidi wote ni Deo.

Muuguzi wa zahanati yetu, mwanajumuiya mwenzetu aliyehamia kutoka Bukoba, alinishika mkono akasikiliza mapigo, akaniuliza nimekunywa nini, kisha akanisema mbele za watu. Kwamba kafeini inapita kwenye maziwa, hivyo nisishangae Osmundi naye akikodoa macho. Kwamba ninywe maji, uji wa ulezi wenye karanga, nile dagaa wa usipa na mboga za majani, na Jumatatu nikapimwe damu. "Lakini usingizi hawauzi kwenye kopo," akasema. "Usiku nani anakupokea mtoto?"

Deo akaacha kucheka.

Sala ilipokwisha, kikao kikafika kwenye mengineyo, nilinyoosha mkono, mwenyekiti akadhani naomba radhi. Nikawaomba wasimamizi wetu wa ndoa, waliokuwa wamekaa palepale mkekani, wanisikilize, nikasimama hivyohivyo natetemeka: "Enaji sinywi tena, kosa hilo ni langu. Ila naleta malalamiko rasmi. Kanisani tuliapa wawili, katika taabu na raha. Taabu ya usiku naibeba mimi, raha yake anayo Deo. Naomba tugawane, kuanzia leo."

Mwenyekiti akaagiza iingie kwenye kumbukumbu za kikao kama nilivyoisema, na kwa kuwa katibu wa jumuiya ni Deo, wote tulimsubiri amalize kuandika.