Jina la Ishirini na Saba

Wanamwita Mama Mafaili, na wala hachukii. Amekaa masjala ya chuo kile miaka arobaini, tangu akiwa msichana wa miaka ishirini mwenye vidole vyepesi, mpaka leo ambapo magoti yanamlia kila akiinamia droo ya chini. Ukitaka nakala ya cheti cha marehemu baba yako, usihangaike na zile kompyuta zao. Mwendee yeye, mwambie mwaka, kisha keti. Atakupa cheti, atakwambia baba yako alilala bweni gani, na kama alikuwa mtoro wa misa atakwambia pia, maana mdomo wake hauna breki.

Sasa chuo kimetimiza miaka arobaini, wakubwa wakaamua kiandikwe kitabu cha historia yake. Nani aandike? Maprofesa wote walikuwa na shughuli, si unawajua. Kazi ikamwangukia mama wa watu, aliyebakiza miezi miwili astaafu.

Kukiandika si kazi ngumu kwa mtu aliyekuwepo. Chuo kilianza na vyumba vitatu vya madarasa, kanisa dogo, na Padri mmoja mrefu, mkali, aliyeagizwa na askofu wake afundishe walimu. Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili. Siku hizi jina la mwanafunzi likitaka kuvuka mwaka linaanzia idarani, linapanda kitivoni, linajadiliwa senetini mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo, na juu yao wote kuna Baraza, na juu ya Baraza yupo Askofu, ambaye ndiye Mkuu wa Chuo. Sahihi juu ya sahihi. Enzi zile jina lilipita mikononi mwa walimu wanne, likaja kwenye taipureta ya Mama Mafaili, likaingia mfukoni mwa Padri. Basi, hakuna zaidi.

Na matokeo hayakubandikwa ukutani. Mwisho wa mwaka, baada ya misa, Padri alisimama mbele ya altare akasoma majina ya waliofaulu. Aliyeitwa aliinuka, akaenda mbele. Ambaye hakuitwa alibaki kwenye benchi mpaka wimbo wa kufungia, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni, ambako masanduku ya nguo yalikuwa yanasubiri. Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungekuwa ni kumwambia Padri uso kwa uso kwamba ni mwongo, na nani alikuwa na ubavu huo? Orodha yenyewe haikuwa na namba, Padri hakutaka. "Hawa si mbuzi wa kuhesabiwa," alimwambia karani wake siku ya kwanza.

Mwaka ule wa kwanza walibaki watatu kwenye benchi. Wawili walienda zao na hawakuonekana tena. Wa tatu alirudi baada ya wiki moja, aibu imemjaa usoni, akaomba kazi yoyote ile. Padri alishangaa, kwa sababu alimwona kijana mwenye akili, lakini orodha ni orodha. Akampeleka karakana ya useremala. Huyo ndiye fundi wa chuo hadi leo. Madawati yote kayatengeneza yeye, mimbari kaitengeneza yeye, hata kile kiti kikubwa cha Askofu kwenye mahafali ni mikono yake. Wanafunzi wakambandika jina la Profesa, kwa mzaha, baada ya kusikia kwamba aliwahi kusoma hapo akafeli. Naye Mama Mafaili, Mungu amsamehe, alilidaka na kulitumia kuliko wote.

"Profesa, rafu yangu iko wapi?"

"Bado naisahihisha, dada. Umepata sifuri."

Wakacheka hivyo kwa miaka na miaka.

Kwa ajili ya kitabu, mapadri walileta masjala sanduku la bati la marehemu Padri, lililokuwa darini kwao. Ndani kulikuwa na rozari, barua za askofu, na karatasi kubwa ya alama za mwaka wa kwanza, kwa mwandiko wa walimu wenyewe. Mama Mafaili alifurahi kama aliyepewa zawadi. Akaketi kunakili majina ya darasa la kwanza, akaweka rula chini ya kila mstari kama alivyozoea, akishuka nayo mstari mmoja mmoja. Alipofika mstari wa ishirini na saba, kalamu ikasimama.

Lilikuwa jina la fundi. Hesabu, sabini na moja. Lugha, themanini. Na pembeni, kwa wino mwekundu: Amefaulu.

Alisoma mara tatu. Akasema labda ni ndugu yake, huku akijua hana ndugu. Nyuma ya karatasi ilikuwa imebanwa ile orodha aliyoipiga yeye kwa taipureta, ileile Padri aliyoisoma kanisani. Akateremka nayo kwa kidole. Wa ishirini na sita yupo. Wa ishirini na nane yupo. Katikati hapana kitu.

Hapo akaikumbuka siku yenyewe. Padri alimwita kwa sauti, mhuri haukuonekana. Akaacha rula juu ya karatasi, akakimbia, akautafuta, akarudi anahema. Rula ilikuwa imeteleza kidogo. Kidogo tu, jamani, upana wa mstari mmoja! Naye akaendelea kupiga. Alikuwa anajisifu siku zote kwamba katika maisha yake hajawahi kukosea jina la mtu.

Alilia pale pale, kilio cha kujichukia. Na kilichomkata maini zaidi hakikuwa cha miaka thelathini na tisa iliyopita. Kilikuwa cha baadaye.

Fundi ana binti mmoja. Miaka kumi na minne iliyopita binti yule alimaliza sekondari kwa alama nzuri, na chuo kina utaratibu wa kuwapa nafasi watoto wa wafanyakazi. Mama Mafaili mwenyewe alimpelekea fundi fomu karakana. Siku ya tatu fomu ikarudi tupu, haina hata tone la wino.

"Ukoo wetu hauna kichwa cha mambo haya, dada," fundi alimwambia. "Mimi nilijaribu. Sitaki mwanangu akae kwenye benchi asiitwe."

Mama Mafaili hakubishana naye. Aliandika juu ya fomu "Mzazi hakujaza," akaiweka kwenye faili. Binti alipomaliza kulia, Mama Mafaili huyohuyo ndiye aliyemtafutia kazi ya kudeki kumbi za mihadhara, akajiona ametenda wema. Mpaka leo binti anadeki.

Akaenda kwa Sista Msajili, ambaye ndiye mkubwa wake. Sista ni mtu mzuri, kijana, msomi, lakini ana woga wa ofisi. Alizilinganisha zile karatasi mbili, akafunga mlango.

"Kaa kwanza, mama. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Mwezi ujao tunakaguliwa na tume ya vyuo vikuu. Unajua watauliza nini wakisikia kwamba orodha zetu zina mashimo? Tumpe fundi cheti cha utumishi siku ya jubilei. Asimame, apigiwe makofi. Hili lingine lirudi sandukuni."

"Sista, niliyemruka ni mimi."

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Umebakiza miezi miwili. Nenda nyumbani na heshima yako."

Weee! Heshima gani? Alitoka pale na karatasi zake, ana hasira asizojua azielekeze wapi. Maana, tusidanganyane, sehemu moja ya moyo wake ilikuwa imeshasema ndiyo. Nani asiyetaka kuagwa vizuri? Alishaona hata kitenge atakachovaa.

Siku mbili alizibeba karatasi zile kwenye mkoba. Alienda karakana mara moja, akafungua mdomo, akajikuta anaagiza stuli. Siku ya tatu asubuhi, akiwa mezani kwake, binti wa fundi akapita mlangoni na ndoo.

"Shikamoo, mama. Leo hujanitania, unaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Niko salama."

Salama ipi? Alichukua mkoba, akachomoa na ile fomu tupu kwenye faili lake, akajikaza akaenda.

Fundi alikuwa anapiga randa ubao. Alipomwona akasema bila kuinua macho, "Stuli bado, dada. Usinifokee."

"Sikufuata stuli. Acha randa."

Akamweleza yote, amesimama, bila kuzunguka. Hakumsingizia Padri, hakuisingizia rula. "Ulifaulu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuruka. Nakuomba unisamehe, na usiponisamehe sitakulaumu."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali. Akavaa miwani, akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole kana kwamba ina rangi mbichi. Aliupitia mstari wake neno kwa neno, mpaka Mama Mafaili akatamani atukanwe.

"Sabini na moja," akasema mwishowe. "Kulikuwa na swali moja la hesabu za sehemu. Nimelifanya upya kichwani miaka yote hii, kila nikipima ubao. Nikajiambia hapo ndipo nilipoanguka."

"Hukuanguka, kaka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka. Neno Profesa lilikuwa limemkwama, na akajua hatalitamka tena.

Akamweleza habari ya cheti cha jubilei na makofi. Na akasema, kama fundi akitaka, yeye mwenyewe atasimama kanisani mbele ya Askofu na wageni wote alisome jina lake kwa sauti, Sista apende asipende, tume ikague isikague.

Fundi alitikisa kichwa. "Mimi nina miaka sitini na moja. Niitwe nikafanye nini huko mbele?" Kisha macho yake yakaiona karatasi nyingine mkononi mwa mwenzake, akaitambua papo hapo. "Hiyo bado unayo?"

"Situpi karatasi."

"Mimi nilimnyima, dada. Alinipigia magoti hapa hapa, kwenye maranda, nikamwambia hatuna akili. Nilimwambia mwanangu hana akili!" Akakaa juu ya ubao, mzee wa watu, akalia kwa sauti. Mama Mafaili alisimama tu karibu yake.

Alipotulia, fundi alifunga karakana ingawa ilikuwa bado saa nne asubuhi. "Twende," akasema. "Utamwambia wewe. Mimi siwezi."

Walivuka uwanja. Binti alikuwa kwenye ukumbi mkubwa, ameinama, anadeki akirudi nyumanyuma kati ya madawati aliyoyatengeneza baba yake. Alisikia viatu, akageuka, akawaona wawili wamesimama pamoja, baba ana macho mekundu na Mama Mafaili ana karatasi ya alama na ile fomu kifuani.

"Kulikoni? Kuna msiba?" Kisha akawahi kuinua mkono. "Msiingie kwanza, mtanichafulia. Ngojeni hapo pakauke."

Wakangoja mlangoni. Fundi alitazama chini. Mama Mafaili alizipanga karatasi zake, ya alama juu na ya fomu chini, akazigeuza, fomu juu na alama chini, na sakafu ilichukua muda mrefu sana kukauka.