Mzee wa Rasht Anayeota Mapishi ya Serikali

Katika mtaa mzima wa Sagharisazan, hapa mjini Rasht, hakuna mwenye ulimi mkali kumzidi mwandishi wa makala haya. Ukimtoa Kiumars Fumani. Na mke wa Kiumars. Na kasuku wa duka la dawa.

Saa nane mchana, mvua inanyesha juu ya vigae kama kawaida yake, na Kiumars, mzee wa miaka sabini na mmoja, yuko kazini. Yaani amelala. Amejinyoosha juu ya zulia karibu na hita ya mafuta ya taa, kofia imemfunika macho, kalamu iko sikioni. Midomo inamcheza. Mkewe, Bi Mahlagha, anapita kwa kunyata.

"Msimwamshe," ananong'ona. "Yuko na waziri."

Ndivyo Kiumars, mwandishi wa dhihaka, anavyofanya kazi. Asubuhi huzunguka soko la samaki akisikiliza watu wanavyolalamikia bei. Akishakula hulala, na malalamiko yale humrudia ndotoni yamevaa sura nyingine: naibu waziri anamjia akiwa figili, bunge zima linaelea ndani ya sufuria na kupiga kura kama moto uwashwe au usiwashwe. Akiamka, anaiandika safu yake ya mapishi kwa ajili ya gazeti dogo la kila wiki hapa mjini.

"Mimi sibuni kitu," anasema baadaye, akifikicha macho. "Wanakuja wenyewe. Kazi yangu kuwatia chumvi."

Zamani hakujificha nyuma ya sufuria. Aliandika waziwazi, mpaka akafungiwa kuandika kwa miaka miwili. Malipo ya safu moja hata leo hayafiki bei ya kilo mbili za nyama, kwa hiyo njaa haikuwa ngeni nyumbani. Kilichomtisha ni kingine.

"Ndoto zilikatika. Nikilala, giza. Nikawa kama redio iliyotolewa betri."

"Akanigeukia mimi," anadakia Bi Mahlagha. "Akawa anaikosoa namna ninavyokunja shuka!"

Mwezi uliopita giza lile lilibisha hodi tena. Safu yake ilikuwa imefundisha Mchuzi wa Ahadi: chukua ahadi tatu za uchaguzi, ziloweke miaka minne, zikikataa kulainika badilisha sufuria, mpishi usimguse. Haikupita wiki, akaja Bwana Tavakkoli kutoka ofisi inayosimamia magazeti, uso umefungwa kama duka Ijumaa, siku ya mapumziko.

"Bwana Fumani, haya ni mapishi au siasa? Kama ni siasa, safu inafungwa leo, na safari hii haifunguliwi."

"Mapishi, bwana wangu! Sisi hapa tunaula mchuzi huo kila wiki."

Kisha Kiumars akaongeza yale ambayo kila mwenye adabu huyasema mlangoni: karibu ule nasi, nyumba ni yako. Hapa mgeni hukataa mara tatu, mwenyeji hushikilia mara tatu, halafu mgeni huenda zake na njaa yake, heshima imetimia.

Bwana Tavakkoli akavua viatu.

"Asante, nitakula. Huohuo Mchuzi wa Ahadi."



"Roho yangu," Kiumars akamwita mkewe kwa sauti ya mtu anayezama, "ule mchuzi wetu wa kila wiki..."

"Nimekusikia, mume wangu. Na majirani wamekusikia."

Akaingia jikoni. Moshi wa biringani zinazochomwa ukajaa sebuleni, ukafuatwa na harufu ya vitunguu saumu na mayai, mpaka wanaume wale wawili wakawa kama wameketi ndani ya wingu. Kiumars anaapa kwamba hapo aliwaona mawaziri wake wakipita ukutani mmoja mmoja, wakimpungia mkono wa kwaheri. Wala hakuwa amelala.

Sahani ikaletwa. Mgeni akaonja. Akaonja tena. Akaifuta sahani kwa mkate.

"Ni chakula," akasema. "Nitaripoti hivyo. Mimi, ujue, gazeti lenyewe sijapata kulisoma hata siku moja. Wa ofisini ndio walioninong'oneza kuhusu huu mchuzi."

Kiumars akashusha pumzi. Kwa furaha akaropoka mpango wake, ambao hata mkewe alikuwa hajausikia: ataendelea kulala na kuandika, na Mungu akimpa uhai atayakusanya mapishi yote yawe kitabu.

"Basi usimwache yule kuku wa bajeti," Bwana Tavakkoli akasema, amekwisha fika mlangoni. "Yule anayetaga akiona kamera tu! Mke wangu alicheka mpaka..."



"Kuku huyo," akasema Bi Mahlagha, "alichapishwa gazetini miaka mitatu iliyopita."

Bwana Tavakkoli akainama haraka kufunga kamba za viatu vyake. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.