Siku Niliyomuuliza Bokilo Wangu Maneno ya Aibu

Niseme mwenyewe, maana watu wa Kabondo, mutaa wetu, wamekwisha kusema vyao na kuongeza chumvi: ni kweli, mimi mwanamuke wa mvi na wajukuu, nilisimama ndani ya gereza nikamuuliza mume wa mutoto wangu amelala na wanawake wangapi. Tena kwa sauti.

Bon. Yote yalianzia kwa mujukuu wangu Béa (anasoma universite, anajifunza roho na akili za watu, na kama hamujasikia jina lake bado, mutalisikia). Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa kupima wafungwa, nani iko na ule ugonjwa wa kukosa huruma na haya, mutu anaumiza mwenzake halafu analala vizuri, kwa Kifaransa wanaita psychopathie. Maswali yametoka Ulaya, na Béa alitaka kujua kama yanapima sawasawa Wakumu, Wanande, Walokele kama sisi, kila mumoja kwa luga ya mama yake. Sasa asubuhi ile mutu wa kutafsiri akaangushwa na malaria, na ruhusa ya gereza ilikuwa ya siku ile tu. Mutoto akaanza kulia.

"Acha machozi," nikamuambia. "Mimi najua Kilokele, Lingala, na Kikumu cha sokoni. Twende."

Heri ningevunjika muguu pale mulangoni.

Wa kwanza walienda vizuri, nami nikaanza kuvimba kichwa. (Nilikuwa hata namunongoneza Béa, "Hawa wa kabila hili ni wagumu toka tumboni," na yeye ananikanyaga chini ya meza.) Tulikuwa kwenye baraza, wafungwa wamejaa uwanjani mbele yetu. Akaletwa Mukumu mumoja, mwanaume wa mabega, akaniona, akageukia ukuta na kuvuta shati mpaka kichwani.

"Papa, geuka." Kimya. "Unajuta kwa kile ulifanya?" Kimya, anazidi kujibana ukutani kama mujusi. Béa akasema polepole, "Koko, tumuache" (koko ni bibi, ndivyo ananiita), lakini mimi na kiburi changu nikarukia swali la wanawake (ndiyo, liko kwenye maswali yao, eti mugonjwa wa namna ile anabadilisha wanawake kama shati), nikaliuliza kwa Kiswahili uwanja muzima usikie:

"Umelala na wanawake wangapi, wewe?"

Akaanguka magoti, uso ukutani. Nami nikamugeukia mulinzi: "Umeona? Haangalii mutu, hajuti, hajibu. Huyu njo mwenyewe! Roho ya jiwe!"

Mulinzi hakungoja neno la Béa. Akamushika mukono: "Nilijua. Basi leo analala cachot." Cachot ni kile chumba cha giza, mutu anatoka humo amebadilika.

Hapo ndipo yule mwanaume akasema, si kwangu, kwa muzee mufungwa aliyekuwa anafagia karibu: "Papa, ambia mama bokilo anisamehe. Maneno yale siwezi kujibu mbele yake. Mimi njo nilioa Asta, mutoto wa marehemu mudogo wake wa Yangambi."

Watu wangu! Mutoto wa mudogo wangu ni mutoto wangu, na mume wake ni bokilo wangu, na bokilo hamutazami mama wa muke wake machoni, hali chakula mbele yake, na mambo ya mwili hayataji hata ndotoni. Kwenye matanga ya mudogo wangu, mwanaume huyu alipasua kuni zote nyuma ya nyumba, tukamusifu, lakini uso wake sikuuona kwa sababu ya heshima ile ile.

Uwanja ukalipuka. "Mama bokilo, uliza tena!" "Mama bokilo, na mimi huna mutoto wa kunipa?" Hata mulinzi alicheka mpaka machozi, ila mukono hakuachia.

"Mama, roho ya jiwe umesema wewe," akaniambia.

Kwetu aibu ya ukwe inafutwa kwa kitu, mara nyingi kuku, na kuku sikuwa naye. Nikafungua kitambaa cha kichwa, mvi zangu zote nje, nikakiweka chini nyuma yake bila kumuangalia, nikapaza sauti: "Musikie! Asiye na haya hapa ni mimi. Huyu anaficha uso kwa sababu alilelewa." Mulinzi akatazama kitambaa, akatazama kichwa changu (marehemu mume wangu mwenyewe alikiona gizani tu), akaachia mukono.

Sisemi ni malaika. Alifungwa kwa kumukata mwenzake panga; kama alimukata, alimukata, na atajibu. Lakini Béa alifuta alama zake, akaandika kwamba hajapimwa.

Njiani, nyuma ya pikipiki, mutoto akasema kwenye sikio langu: "Koko, nilikuwa natafuta mahali maswali haya ya Ulaya yanateleza kwetu. Wewe ukateleza nayo."

Gerezani sirudi kuuliza mutu kitu. Na mutu akininyamazia, hata hapa sokoni, sikimbilii tena kupima roho yake: nauliza kwanza mimi ni nani kwake.