Kondoo wa Darasa la Tano C

Zilibaki siku nne Ayimkan alazwe hospitali ya Naryn kutolewa mawe ya nyongo, na kilichomnyima raha hakikuwa kisu cha daktari. Lilikuwa darasa la tano C. Wiki tatu atakazokuwa nje ndizo wiki za kufundisha sehemu, yaani nusu, theluthi na robo, na mtoto anayezikosa sehemu darasa la tano huburuzwa na hesabu mpaka siku anayoacha shule. Kwa miaka ishirini na sita ya kufundisha hesabu Ayimkan alikuwa amewaona wengi wakiburuzwa.

Alipougua mwalimu wa mkondo A, walimu wawili wa hesabu waligawana vipindi vyake. Mkondo C ulipewa Kubat, mwalimu wa michezo.

"Mimi?" Kubat alisema kwenye chumba cha walimu, kikombe cha chai mkononi. "Dada Ayimkan, unanionea. Sehemu zilinishinda enzi zile nina nywele."

"Ndiyo maana nakuandikia andalio la somo."

"Niandikie wanakili ukurasa wa arobaini. Hilo naliweza."

"Hilo hata kiti kinaliweza."

Alimjazia fomu ya andalio kama inavyotakiwa, safu zote nane: lengo kuu, malengo mahususi, umahiri, zana. Kubat aliisoma mpaka mwisho, akairudisha taratibu kama mtu aliyepewa barua ya mwenzake.

Ayimkan akamtazama. "Kwenye harusi ya juzi, nani aligawa nyama?"

"Swali gani hilo? Mimi. Kijiji kizima kinaniita mimi."

"Kondoo hugawanywa mafungu mangapi ya nyama na mifupa yake?"

"Kumi na mawili. Wageni wakiwa sita, kila mmoja mawili. Wakiwa wanne, matatu. Wakiwa..." Kubat akaushtukia mtego. "Aa, dada. Acha."

Hakuacha. Aliichana fomu, akafungua daftari la kawaida na kuandika kwa Kikirgizi cha nyumbani. Somo la kwanza: chora kondoo ubaoni, usiombe radhi kwa mchoro. Wageni sita, kila mmoja amepata sehemu gani ya kondoo? Usiwape jibu. Adinay hanyooshi mkono lakini anajua. Mwite wa tatu, asiwe wa kwanza. Wale wawili wa dirishani wakicheka, wape chaki.

Alhamisi Burulcha, mwalimu wa taaluma, alilishika daftari hilo kwa vidole viwili.

"Hiki nini?"

"Andalio."

"Fomu iko wapi?"

"Nilimpa mwenye kufundisha, hakuielewa. Nikaichana."

"Mkaguzi akija nimwonyeshe kondoo?"

"Mwonyeshe watoto."

"Mama, sikiliza." Burulcha alipunguza sauti, na hapo ndipo alipokosea. "Mkondo C unaujua mwenyewe. Wakinakili wiki tatu, dunia haitaanguka."

"Wao imewaangukia tangu darasa la kwanza."

"Basi likizo yako sitaisaini."

"Likizo ameisaini daktari. Wewe kazi yako ni kunitakia safari njema."

Burulcha akasoma tena, safari hii kwa makini, kwa maana alikuwa ameolewa katika nyumba ya wageni wengi na nyama aliijua. "Tena umekosea. Nyonga si sawa na mkono wa mbele. Mpe mkwe wako mzee mkono wa mbele uone kama hatainuka mkekani kwa hasira. Sehemu lazima zilingane. Unawafundisha uongo."

Ayimkan alihisi uso ukimwaka kwa aibu. Ilikuwa kweli. Tangu utotoni alihesabu mafungu kumi na mawili bila kujiuliza kama yanalingana. Yalilingana kwa heshima ya kila mgeni, si kwa mizani. Akavuta kalamu, akaandika akiwa amesimama: Somo la pili. Mtoto atasema nyonga hailingani na mkono wa mbele. Asiposema, ngoja. Akisema, mpongeze, amekigusa kiini chenyewe. Hapo leta kamba yako ya mchezo wa kuvutana, waikunje mafungu kumi na mawili yaliyo sawa.

"Ahsante," alisema. "Andalio limekuwa bora. Nitaje jina lako?"

Ijumaa, siku yake ya mwisho, alimwachia Kubat darasa, yeye akasimama kwenye korido karibu na mlango. Kondoo ubaoni alifanana na pipa. Katikati ya kipindi cha pili mvulana akapaza sauti, "Mwalimu, unatudanganya! Nyonga anakula babu, mkono wanakula wake wa watoto wake!" Darasa likalipuka. Kubat, badala ya kupuliza filimbi, akawaambia wasogeze madawati, akatandaza kamba sakafuni.

Burulcha alifika na barua ya onyo: kukataa fomu rasmi, kuharibu mali ya shule, yaani ile fomu. Chini palikuwa na nafasi ya maelezo ya mwalimu. Ayimkan aliiegemeza ukutani, akaandika: Nimesoma. Daftari linabaki. Akasaini kwa jina kamili.

"Jumatatu nitakaa nyuma ya darasa," Burulcha akasema. "Na fomu yangu."

"Kaa. Ila ujiandae, siku hizi wanauliza."

Ndani, Kubat alikuwa amefika mahali ambapo daftari halikufika. "Wageni saba!" alinguruma. "Kamba moja! Nani anathubutu?"

Mikono kama kumi ikapanda, na wa Adinay ulikuwamo. Ayimkan alitamani kuingia. Akachukua mkoba wake, akaenda kutafuta gari la Naryn.