Kiti cha Baba

Mama wa mchumba wangu aliponiuliza baba yangu ni nani, nilimjibu nilivyozoea: ni mtoto wa bibi. Tulikuwa sebuleni kwake, Turwa. Yeye ni nesi aliyehamishiwa Tarime kutoka kusini. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia hakuzaliwa.

Kwetu Nyamwaga jibu hilo halimshangazi mtu. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akatoa ng'ombe, akamwoa mama kwa ajili ya mwana huyo ambaye hakuzaliwa, ili amzalie wajukuu. Tunaiita nyumba ntobhu. Mimi ni wa mji wa bibi, wa boma lake, yameisha. Lakini yule mama alinitazama kwa huruma, na kwa mara ya kwanza nikajiona mtu wa ajabu.

Yeye na ndugu zake wakapanga kuja kwetu kuona binti yao anaolewa wapi. Hapo ndipo nikafanya ujinga: nikaenda Ikoma kumwita mlinzi mmoja wa hoteli ya watalii, ambaye watu walikuwa wakininong'oneza kuwa nimefanana naye. Nilitaka siku hiyo kiti cha baba, anapokaa baba wa muoaji kupokea wakwe, kiwe na mtu.

Alikuja, ila akaenda kukaa kwenye benchi la wageni. Bibi akauliza nani kamwita.

"Mimi, bibi. Huyu ndiye baba."

"Baba yako ni mwanangu."

"Bibi, mwanao hakuzaliwa!"

"Kama hakuzaliwa, wewe umetoka wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nilikasirika.

Yule mwanamume akasimama. "Shikamoo mama. Mimi nimekuja kama mgeni tu. Sina ng'ombe niliyemtoa katika mji huu. Kijana ni wenu."

Alisema kwa adabu, bila kunitazama. Mwenye pua kama yangu ananikana mbele ya wakwe, na wazee wote wanaitikia kwa vichwa kwamba amesema vizuri! Sikujua nimchukie au nimshukuru. Nilichojua ni kwamba iliniuma.

Mama mkwe akauliza taratibu, "Sasa sisi tuzungumze na nani?"

Bibi akanigeukia. "Kaa wewe."

"Kwenye kiti cha baba?"

"Si ulitaka kiwe na mtu?"

Nikakaa. Nilikaa kama mtoto wa nani, sikujua, na bado sijui. Hata leo mwanangu akiita "baba", kuna siku nageuka nyuma kutazama anamwita nani.